Kondo la nyuma: Seli zake hubadilika kabla tumbo halijaonekana

Na Mwandishi Wetu, Lindi

KATIKA vijiji vinavyoizunguka Kitomanga, kaskazini mwa mji wa Lindi kwenye barabara iendayo Kilwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani, mimba changa ni jambo la siri. Mwanamke aliyekosa siku zake humwambia mumewe, pengine na mama yake mzazi, kisha hunyamaza. Wapo wanaohofia jicho la hasidi, na wapo wanaohofia maneno ya watu endapo mimba itaharibika. Tumbo likishajitokeza lenyewe ndipo safari ya kliniki inapoanza, na mara nyingi huo huwa mwezi wa nne au wa tano.

Kwa macho ya jirani, miezi hiyo ya kimya ni miezi ambayo hakuna kilichotokea. Ndani ya mfuko wa uzazi mambo ni kinyume. Katika wiki hizo chache kiungo kizima ambacho hakikuwapo hujengwa, huota mizizi katika mwili wa mama, hubadili mishipa yake ya damu na kuanza kumlisha mtoto. Kiungo hicho ni kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio.

Siku ya kujifungua kondo huwa kitu cha mwisho kutoka na cha kwanza kusahauliwa. Mkunga hulikagua kuhakikisha limetoka lote, kisha huteketezwa, au hukabidhiwa ndugu wakalizike kama ilivyo desturi ya wengi. Anayelitazama wakati huo huona nyama nyekundu ya mviringo yenye upana wa takribani sentimita 20 na uzito wa karibu nusu kilo. Asichokiona ni kwamba kondo hilo si lile lililokuwapo mwezi wa pili, wala lile la mwezi wa tano. Seli zake zimebadilika mara nyingi, na kila badiliko lilikuja na hatari yake.

Ndiyo maana wataalamu wa afya ya uzazi husisitiza kwamba ratiba ya kliniki haikupangwa kwa kubahatisha. Kwa kiasi kikubwa, ni ratiba ya seli za kondo.

Kiungo kinachojengwa na mtoto

Watu wengi hudhani kuwa kondo ni sehemu ya mwili wa mama. Ukweli ni kwamba sehemu yake kubwa hutokana na yai lililorutubishwa, yaani hutoka upande wa mtoto.

Takribani siku ya tano baada ya yai kurutubishwa, kiinitete huwa mfano wa mpira mdogo wenye uwazi ndani. Seli chache za ndani ndizo zitakazokuwa mtoto. Zile za nje, zinazoitwa trofoblasti, ndizo zitakazokuwa kondo. Siku ya sita au ya saba mpira huo hugusa ukuta wa mfuko wa uzazi, na baada ya siku chache huwa umezama ndani ya ukuta huo.

Hapo seli za trofoblasti hugawana kazi. Baadhi hubaki kuwa seli shina, ambazo kazi yake ni kuendelea kuzaliana. Nyingine huungana. Kuta zinazozitenganisha huyeyuka, seli nyingi zikawa ngozi moja pana, isiyo na mpaka wala mwanya, yenye viini vingi ndani yake. Ngozi hiyo ndiyo inayogusana na damu ya mama muda wote wa ujauzito. Kwa kuwa haina mwanya kati ya seli na seli, mdudu au kemikali inayotaka kupita hulazimika kupita ndani yake, si kando yake.

Mwaka 2000 wanasayansi walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Protini inayoziunganisha seli hizo, iliyopewa jina la sinsitini, hutengenezwa na jeni ambayo asili yake ni kirusi kilichoingia katika vizazi vya mababu wa binadamu mamilioni ya miaka iliyopita. Silaha ambayo kirusi hicho kiliitumia kuvamia seli imekuwa chombo cha kumlinda mtoto.

Ngozi hiyo ndiyo pia inayotoa homoni ijulikanayo kwa kifupi kama hCG. Mwanamke anapopima mkojo na kuona mistari miwili, kinachoonekana pale ni ujumbe wa seli za kondo. Homoni hiyo huiamuru ovari iendelee kutoa projesteroni ili hedhi isije. Hupanda hadi kilele kati ya wiki ya 8 na ya 10, kisha hushuka, kwa kuwa kufikia hapo kondo lenyewe huwa limeanza kutengeneza projesteroni ya kutosha. Hilo ni miongoni mwa mabadiliko makubwa ya mwanzo: mtoto huacha kutegemea ovari ya mama na kutegemea kondo lake mwenyewe.

Mlango unaofungwa kwa makusudi

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba damu ya mama huanza kumiminika katika kondo tangu siku za mwanzo. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na wataalamu wakiwemo Graham Burton na Eric Jauniaux umeonyesha vingine.

Katika wiki za kwanza, baadhi ya seli za trofoblasti hutoka kwenye kondo, huingia katika midomo ya ateri za mfuko wa uzazi na kuiziba kama kizibo cha chupa. Damu ya mama huzuiwa, na kinachopenya ni majimaji tu. Kiinitete hulishwa kwa virutubisho vinavyotoka katika tezi za ukuta wa mfuko wa uzazi, na huishi katika mazingira yenye oksijeni kidogo.

Sababu yake hueleweka ikitazamwa kwa makini. Oksijeni ikizidi huweza kudhuru seli changa wakati viungo kama moyo, ubongo na uti wa mgongo vinapoanza kuchorwa. Kwa hiyo mlango hufungwa kwa makusudi hadi nyumba iwe tayari.

Kati ya wiki ya 10 na ya 12 vizibo hivyo huanza kulegea na kuachia. Damu ya mama huingia katika nafasi iliyo kati ya vijitawi vya kondo, na vipimo vimeonyesha kuwa kiwango cha oksijeni hupanda takribani mara tatu kati ya wiki ya 8 na ya 12. Seli za kondo hulazimika kujifunza upya namna ya kuishi katika hali hiyo. Baadhi ya mimba zinazoharibika katika kipindi hiki huhusishwa na vizibo vilivyoachia mapema kabla ya wakati wake.

Jambo hili lina uzito kwa mwanamke wa Kitomanga anayeficha mimba yake. Ikifika wiki ya 12, bado tumbo halijaonekana, mlango mkubwa kuliko yote katika ujauzito huwa umekwisha kufunguliwa.

Seli zinazohama na kujenga barabara

Seli zilizoziba ateri hazikomei hapo. Huzama zaidi katika ukuta wa mfuko wa uzazi hadi kufikia sehemu ya ndani ya msuli wake. Zikifika kwenye ateri ndogo zilizojipinda kama parafujo, huiondoa misuli inayozunguka mishipa hiyo na kushika nafasi ya seli za ndani za mshipa.

Matokeo yake ni kwamba mshipa mwembamba, uliokuwa na uwezo wa kujibana, hugeuka kuwa mfereji mpana usiobana. Hata mama akishtuka, akichoka au akipata baridi, damu iendayo kwa mtoto haikatizwi kirahisi. Ujauzito unapokomaa, damu inayopita katika mfuko wa uzazi hufikia zaidi ya nusu lita kwa dakika. Kazi ya kupanua mishipa hiyo hufanyika zaidi katika nusu ya kwanza ya ujauzito.

Kazi hiyo ikifanyika nusunusu, mishipa hubaki myembamba. Damu huingia kwa kasi na kwa vipindi, seli za kondo hupata msukosuko, na kondo huanza kumwaga katika damu ya mama protini zinazodhuru mishipa yake. Mama hupanda shinikizo la damu, figo huanza kupitisha protini kwenye mkojo, uso na mikono huvimba, kichwa huuma na macho huona ukungu. Hatua inayofuata inaweza kuwa degedege, yaani kifafa cha mimba, ambacho ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wajawazito Tanzania na duniani.

Dalili hizo kwa kawaida huonekana baada ya wiki ya 20, na nyingi hujitokeza karibu na kujifungua. Lakini chanzo chake huwa kimewekwa miezi kadhaa kabla, wakati seli zilipokuwa zikihama. Huo ndio ugumu wa ugonjwa huu: kosa hufanyika mapema, malipo huja baadaye.

Afrika Mashariki imetoa mchango mkubwa katika kulielewa jambo hili. Katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na Ashley Moffett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichunguza jeni za wajawazito wenye tatizo hilo na wasio nalo. Msingi wa uchunguzi ni kwamba seli za kondo hazihami peke yake. Katika ukuta wa mfuko wa uzazi hukutana na seli za kinga za mama, na mazungumzo ya kikemikali kati ya pande hizo mbili ndiyo huamua zipenye kiasi gani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mpangilio fulani wa jeni za kinga za mama, ukikutana na aina fulani ya jeni za mtoto, huongeza hatari. Aidha, watafiti walikuta kundi la jeni lililopo kwa Waafrika ambalo humlinda mama dhidi ya tatizo hilo, na ambalo halikuonekana kwa Wazungu. Somo lililopatikana ni kwamba yanayosemwa kuhusu kondo kutokana na uchunguzi wa Ulaya hayatoshi kumweleza mwanamke wa Kiafrika.

Hali kadhalika, seli zinazopenya kupita kiasi nazo ni hatari. Mahali penye kovu la upasuaji wa uzazi, seli za kondo zinaweza kuchimba hadi ndani ya msuli, na kondo likakataa kubanduka baada ya mtoto kutoka. Mama huvuja damu nyingi. Ndiyo maana mwanamke aliyewahi kupasuliwa huulizwa habari hizo kliniki, na hushauriwa kujifungulia mahali penye uwezo wa upasuaji na damu ya kuongeza.

Mikoko ndani ya maji

Anayeijua pwani ya Kilwa na Mchinga anaweza kulielewa kondo kwa kuitazama mikoko. Maji yanapojaa, mizizi yake yote huoshwa na bahari, lakini maji ya bahari hayamiminiki ndani ya mti. Mti huchukua unachohitaji kupitia ngozi ya mizizi.

Ndivyo vilivyo vijitawi vya kondo. Vimening'inia ndani ya nafasi iliyojaa damu ya mama, na ndani yake imo mishipa ya damu ya mtoto. Damu hizo mbili hazichanganyiki. Oksijeni, sukari na virutubisho huvuka kutoka upande mmoja, na hewa chafu na taka huvuka kutoka upande wa pili.

Katika miezi mitatu ya kwanza vijitawi hivyo ni vinene na vichache. Chini ya ile ngozi isiyo na mpaka ipo tabaka kamili ya seli shina, na mishipa ya mtoto iko katikati, mbali na uso. Katika mwezi wa pili, umbali kati ya damu ya mama na ya mtoto huhesabiwa kwa makumi ya maikromita.

Kadiri mtoto anavyokua, muundo huo haumtoshi tena. Vijitawi huchipua vijitawi vingine vyembamba zaidi, hasa baada ya mwezi wa sita. Tabaka ya seli shina huwa na mapengo, kwa kuwa nyingi zimekwisha kuungana na ngozi ya juu. Mishipa ya mtoto husogea pembezoni hadi kuigusa ngozi hiyo. Umbali husalia maikromita chache tu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Eneo lote la kubadilishana virutubisho, lingetandazwa chini, lingefikia zaidi ya mita za mraba kumi, sawa na sakafu ya chumba kizima.

Katika miezi ya mwisho kazi nyingine hushika kasi. Ngozi ya kondo ina vipokezi maalumu vinavyokamata kingamwili za mama na kuzivusha kwa mtoto. Nyingi huvuka katika wiki za mwisho kabla ya kujifungua. Kwa njia hii chanjo ya pepopunda anayochomwa mjamzito humlinda mtoto ambaye bado hajachomwa chochote. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo ya kinga: alitoka kabla ya mzigo wake kumalizika kupakiwa.

Malaria inapoijua njia

Kwa wakazi wa pwani ya Lindi, adui mkubwa wa seli hizi ni malaria.

Kimelea cha malaria huishi ndani ya seli nyekundu za damu. Seli iliyoambukizwa ikizunguka mwilini hupita kwenye bandama, na huko huchujwa na kuharibiwa. Kimelea kinachotaka kuishi hutafuta mahali pa kujishikiza ili kisifike huko.

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya utafiti wao Kisumu, magharibi mwa Kenya, walieleza kwamba vimelea vinavyokutwa katika kondo hujishikiza kwenye sukari iitwayo kondroitini salfeti A, iliyopo juu ya ngozi ya kondo. Vimelea vya watu wasio wajawazito kwa kawaida havishiki hapo. Baadaye, mwaka 2003, watafiti wa Denmark waliibainisha protini ambayo kimelea huitumia kama ndoana, inayojulikana kama VAR2CSA.

Ugunduzi huo ulijibu swali lililowasumbua madaktari kwa miaka mingi: kwa nini mwanamke aliyekulia katika eneo lenye malaria, na ambaye ana kinga dhidi yake, huugua upya anapopata mimba ya kwanza? Jibu ni kwamba kondo ni mazingira mapya. Mwili wake haujawahi kukutana na ndoana hiyo, hivyo hauna kingamwili dhidi yake. Katika mimba zinazofuata kingamwili hizo huwapo, na madhara hupungua. Ndiyo sababu mimba ya kwanza huwa na hatari zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi.

Vimelea vikijazana katika kondo, seli za kinga za mama nazo hujazana kuvipiga. Ngozi ya kondo huharibika sehemu sehemu, utando wa chini yake hunenepa, na mabaki meusi ya vimelea hubaki kama masizi. Njia ya virutubisho huwa finyu. Mtoto huzaliwa na uzito pungufu au kabla ya wakati, na mama hupungukiwa damu. Zipo pia tafiti zilizoonyesha kuwa maambukizi hayo yanaweza kupunguza kingamwili zinazovuka kwenda kwa mtoto.

Kinachotatanisha zaidi ni kwamba mama anaweza asijisikie mgonjwa. Damu ya kidoleni inaweza isionyeshe kimelea, kwa kuwa vimelea vimejificha kondoni.

Tanzania imekuwa moja ya sehemu ambazo mambo haya yamechunguzwa kwa kina. Katika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, mpango ulioanza mwaka 2002 uliwafuatilia akina mama na watoto wao tangu kujifungua, ukiwahusisha Duffy na Fried pamoja na watafiti wa Kitanzania akiwemo Theonest Mutabingwa. Baadaye, kuanzia mwaka 2014, watafiti wa Tanzania na Denmark waliwaandikisha wanawake wa Korogwe na Handeni kabla hawajashika mimba, ili wafuatiliwe tangu wiki za mwanzo kabisa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 kutokana na makondo ya wanawake hao yanahusu moja kwa moja ile miezi ya siri. Kwa waliopata malaria kabla ya wiki ya 15, vijitawi vya kusafirisha damu vilikuwa pungufu, na mishipa midogo ya kubadilishana hewa ilijengeka kwa namna tofauti na ya wengine. Kwa maneno mengine, malaria ya mapema inaweza kutibiwa ikaisha, lakini alama yake ikabaki katika ujenzi wa kondo.

Ratiba mbili, kalenda moja

Yanapowekwa pamoja hayo yote, mambo yanayofanyika kliniki hupata maana nyingine.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kupita. Ndicho kipindi ambacho vizibo vya ateri havijaachia au ndiyo kwanza vinaachia. Hudhurio hilo la kwanza ndilo linalompa mama chandarua chenye dawa, kipimo cha malaria, kipimo cha wingi wa damu, vipimo vya kaswende na Virusi vya Ukimwi, na kumbukumbu ya shinikizo lake la damu kabla halijabadilika. Bila kumbukumbu hiyo, mhudumu wa mwezi wa saba hawezi kujua kama shinikizo analoliona ni jipya au la zamani.

Akikutwa na malaria, hakuna sababu ya kusubiri. Tangu mwaka 2022 WHO imependekeza dawa mseto ya atimetha na lumefantrini itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza.

Vidonge vya SP vina saa yake. Tanzania ilianza kuwapa wajawazito dawa hiyo kama kinga mwaka 2001. Haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, wakati viungo vya mtoto vinaumbwa. Huanza katika kipindi cha pili, damu ya mama ikiwa imeshaanza kujaa kondoni, na kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2012 hurudiwa kila hudhurio, kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, angalau mara tatu. Anayeanza kliniki mwezi wa sita hupoteza dozi za mwanzo, ambazo ndizo zingelilinda kondo wakati linachipua. Mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP, kwani dawa hizo mbili hazipaswi kuchanganywa.

Hata hivyo, SP si ngao kamili. Katika baadhi ya maeneo, hasa kaskazini mashariki mwa nchi, vimelea vimejenga usugu mkubwa dhidi yake. Dawa hiyo bado hutolewa kwa kuwa inaendelea kuonyesha faida kwa uzito wa mtoto, lakini haiondoi haja ya chandarua. Chanjo mbili zinazoilenga ile ndoana ya VAR2CSA zimekwisha kujaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo, Ulaya na Afrika Magharibi, ila bado hazijafika kwenye vituo vya afya.

Mwanamke mwenye dalili za hatari ya kifafa cha mimba, kwa mfano aliyewahi kukipata katika mimba iliyopita, mwenye shinikizo la damu la muda mrefu au mwenye mapacha, anaweza kuandikiwa aspirini ya kiwango kidogo. Dawa hiyo hufaa zaidi ikianza kabla ya wiki ya 20, wakati seli bado zinapanua mishipa. Haipaswi kunywewa bila ushauri wa mhudumu.

Mwisho wa safari nao una mabadiliko yake. Viini katika ngozi ya kondo hukusanyika mafungumafungu, dalili ya uzee wa kiungo kilichopewa miezi tisa tu ya kuishi. Mimba ikipita wiki ya 41, uwezo wa kondo wa kumlisha mtoto unaweza kuanza kupungua, hivyo mama hushauriwa asikae nyumbani akisubiri uchungu. Mtoto kupunguza kucheza nako ni ishara ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo, si kesho yake.

Kwa wakazi wa Kitomanga, suala la muda lina uzito wa pekee. Kipo kituo cha afya pale pale, lakini tatizo linalozidi uwezo wake hupelekwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na safari hiyo hutegemea barabara na hali ya hewa. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam katika Wilaya ya Kilwa, na magari yalikwama. Shinikizo la damu lililogunduliwa mapema hutoa nafasi ya kupanga safari. Lililogunduliwa kwa degedege halitoi nafasi hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 kuhusu afya ya uzazi ulionyesha kuwa takribani robo tu ya wajawazito nchini walianza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Robo tatu iliyobaki iliwafikia wahudumu wakati kondo lilikuwa limekwisha kujengwa, liwe limejengwa vizuri au vibaya.

Hakuna anayelazimika kumtangazia jirani mimba ya wiki nane. Usiri ni haki ya mwanamke, na kadi ya kliniki haisomwi barazani. Mama anaweza kumficha hasidi na bado akamwambia muuguzi. Kinachotakiwa ni kwamba mume, mama mkwe au somo aliyepewa siri hiyo, badala ya kusema "subiri tumbo lionekane", aseme "twende kesho".